Sura ya Sita: Ndege ya Manila

Upepo wa Migwani huamka mwendo wa saa nne asubuhi. Kabla ya hapo, hasa katika miezi ya Julai na Agosti ambapo anga la Kitui hufunikwa na wingu la kijivu mpaka jua lipate nguvu, moshi wa jikoni hupanda wima na jani la mwembe halitikisiki. Jua likishakolea, udongo mwekundu huipasha hewa moto, hewa hiyo hupanda, nyingine huingia kujaza nafasi yake, na ifikapo saa saba kisulisuli huzuka katikati ya uwanja wa shule, kikazoa vumbi, majani na karatasi za peremende, kikavuka barabara ya lami bila kumjali mwenye bodaboda wala mwenye punda.

Ndege ya karatasi yenye uzito wa gramu 7 haishindani na hewa ya namna hiyo. Kwa hiyo sharti la kwanza la sura hii halihusu mkasi wala gundi. Jenga jioni, urushe asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili. Wengi huiacha kazi hii wakidhani wameshindwa kujenga, kumbe kosa lao lilikuwa kurusha saa nane mchana.

Mahali penyewe pana neno jingine. Mji huu ulio kwenye barabara ya Kitui kwenda Mwingi uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 10. Bawa linaloelea vizuri kule pwani litahitaji kasi zaidi kidogo huku, asilimia 5 hivi. Kwa macho huwezi kuiona tofauti hiyo, lakini ni sababu tosha ya kukataa kila tone la gundi lisilo na kazi.

Ndege ninayoieleza si ule mshale wa karatasi ya daftari unaorushwa darasani mwalimu akigeukia ubao. Sina ubaya na mshale. Mwaka 2022 wahandisi wa Marekani Dillon Ruble na Garrett Jensen waliufikisha wao umbali wa mita 88, na mwaka 2010 Mjapani Takuo Toda aliikalisha hewani karatasi yake iliyokunjwa kwa sekunde 29.2. Ila mshale humtegemea sana mrushaji. Mtoto mwenye bega lenye nguvu atamshinda mwenzake mwenye akili ya kujenga, na mchezo huishia hapo.

Yetu ni ndege yenye viungo vyake vyote: kiwiliwili, bawa, mkia, pezi la kusimama na pua yenye uzito. Hukatwa kwa wembe na kubandikwa kwa gundi. Aliyeifikisha kazi hii kwenye kiwango cha juu ni Yasuaki Ninomiya, mhandisi wa Japani aliyeshinda katika shindano la kimataifa la ndege za karatasi lililofanyika San Francisco mwaka 1967. Miundo yake ilikuja kuuzwa duniani kwa jina la Whitewings, ikiwa imechapishwa kwenye karatasi ngumu tayari kwa kukatwa. Ukiitazama moja utadhani ni mwewe aliyepigwa pasi, jinsi bawa lilivyo jembamba na kiwiliwili kilivyobanwa. Siri ya ndege hizo si umbo. Nimeona ndege za umbo baya zikielea vizuri, na nzuri za kutamanisha zikianguka kama jiwe. Kinachoamua ni mahali uzito ulipokaa, na uvumilivu wa mwenye ndege kuikunja kwa milimita moja moja mpaka itulie.

Hilo si jipya. Mwaka 1804, karibu miaka 100 kabla ndugu wa Wright hawajaruka, Mwingereza George Cayley alichukua fimbo, akafunga juu yake tiara la karatasi liwe bawa, akaweka nyuma mkia unaoweza kuelekezwa huku na huku, na mbele akaweka uzito unaosogezwa. Hapo ndege ya kisasa ilikuwa imekwisha kubuniwa, na ilikuwa kitu cha kurusha kwa mkono kutoka kilimani. Uzito unaosogezwa na mkia unaoelekezwa: ukivielewa hivyo viwili umeielewa sura hii nzima.

Watoto wa Ukambani hawaanzii sifuri. Gari la waya lenye usukani mrefu wanalijua. Kile kipepeo cha karatasi kinachozunguka kwenye mwiba wa mgunga mtoto akikimbia nacho wanakijua pia, nacho ni propela kamili, ingawa hakuna anayewaambia. Tiara zamani lilitengenezwa kwa mfuko wa plastiki na mabua. Agosti 28, 2017 Kenya ikapiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na miti ya miiba kando ya barabara ikapumua, lakini mtengeneza tiara akapoteza kitambaa chake. Nadhani ndiyo sababu moja ya karatasi kurudi mikononi mwa watoto. Sababu nyingine ni mtaala wa umilisi, unaomtuma mzazi saa mbili za usiku kutafuta katoni, gundi na rangi za kupelekwa shuleni asubuhi. Mzazi mwenye karaha hiyo na aisome sura hii kwa moyo mwepesi. Safari hii vifaa ni vichache.

Kilicho muhimu zaidi ni karatasi ya manila, ile ile inayobandikwa ukutani darasani ikiwa na sehemu za mwili au silabi za kusoma. Hupatikana duka lolote la vitabu. Chagua nyeupe au ya rangi hafifu, kwa sababu utachora juu yake, na ukatae iliyokunjwa, kwani palipokunjwa pana udhaifu usiotoka. Usipoipata, jalada la daftari kuukuu linafaa sana, hasa lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake, na ndege yenye mara saba kwenye bawa si aibu kwa mwanafunzi. Kalenda ya ukutani ing'aayo ni ngumu vya kutosha, lakini gundi haiishiki. Katoni ni nzito mno. Karatasi ya pakiti ya unga ni laini mno kwa bawa, ingawa ukiikata vipande vidogo inafaa kuziba mpasuko.

Chukua pia wembe mpya, rula ya chuma, penseli iliyochongwa vizuri, gundi nyeupe ya mafundi seremala na kijiti cha meno cha kuipakia. Gundi ya uji wa ngano, ambayo kila nyumba inaweza kuipika, ina maji mengi. Hulowesha manila ikajipinda, na ikikauka huacha uzito. Ile gundi kali ya kubandikia viatu na vikombe vilivyovunjika iache kabisa kama mtoto yuko mezani, kwa maana hushika vidole kabla haijashika karatasi.

Uzito wa puani, hapa Migwani, una jibu ambalo vitabu vya Japani na Marekani havilitaji. Hii ni nchi ya nyuki. Asali ya Mwingi inajulikana Kenya nzima, na penye asali pana nta. Donge la nta lenye ukubwa wa gololi ndogo lina gramu 2 hivi, hulainika kwa joto la vidole, hushika karatasi bila gundi, na hung'olewa kwa ukucha likizidi. Pua ya nta pia ni butu, na pua butu ikimpiga mtu shavuni haimtoi damu. Asiye na mfugaji wa nyuki jirani atumie klipu mbili za karatasi. Kila moja ina karibu gramu 1.

Kabla ya kuchora chochote, tafuta mwelekeo wa nyuzi. Karatasi kiwandani hutengenezwa kwa rojo la nyuzi za mti linalomwagwa juu ya mkanda unaokimbia, na nyuzi nyingi hulala upande mkanda unakoelekea. Ndiyo maana gazeti hupasuka kwa mstari ulionyooka ukilichana upande mmoja, na kwa vipindovipindo ukilichana upande wa pili. Kata kipande cha mraba cha manila, ukipinde taratibu bila kukikunja, kisha kigeuze ukipinde upande mwingine. Upande mmoja utasikia kinakataa. Nyuzi zimelala kwa urefu wa upande huo unaokataa kupinda. Bawa lichorwe hivyo, nyuzi zikienda kutoka ncha hadi ncha, la sivyo litainama lenyewe kabla ya kuondoka mkononi.

Sasa vipimo. Bawa lina sentimita 24 kutoka ncha hadi ncha. Katikati lina upana wa sentimita 5, likipungua mpaka 4 kwenye ncha. Mkia wa kulala una sentimita 9 kwa 3. Ukipiga hesabu, eneo la bawa ni sentimita za mraba 108 na la mkia ni 27, yaani robo kamili. Uwiano huo usiuchezee mwanzoni. Watoto wakichora ndege hupenda kuipa mabawa makubwa na mkia mdogo kama wa mbuzi, na ndege ya namna hiyo hupindukapinduka hewani kwa sababu haina kitu cha kuirudisha ikiyumba.

Kiwiliwili kina urefu wa sentimita 20. Kuanzia puani hadi sentimita 11 kina kimo cha sentimita 2. Kutoka hapo kinapungua polepole mpaka sentimita 1 mkiani. Kata vipande vinne vinavyofanana, kwani karatasi moja italegea lakini nne zikibandikwa pamoja hukakamaa kama ubao mwembamba. Kwenye kimoja kati ya vile viwili vya ndani, acha pezi la kusimama likichomoza juu ya mkia, kimo sentimita 4 na upana 3. Vile viwili vya nje, viache na ulimi wa milimita 8 juu, kuanzia sentimita 6 hadi 11 kutoka puani, na ulimi mwingine chini, kwenye sentimita 3 za mwisho. Ndimi hizo zitakunjwa kwenda nje, kulia na kushoto, ziwe vitanda vya kulalia bawa juu na mkia chini.

Ukataji una adabu yake. Usijaribu kumaliza kwa mkato mmoja. Pitisha wembe kwa wepesi mara ya kwanza uache mfuo tu, rudia, na mara ya tatu karatasi itaachia yenyewe. Geuza karatasi, si mkono. Ukambani ni nchi ya wachongaji tangu Mutisya Munge wa Wamunyu alipotoka Vita vya Kwanza vya Dunia na ujuzi wa kuchonga alioupata Tanganyika, na nimegundua kwamba watoto wenye mchongaji nyumbani hawahitaji kuambiwa haya. Wamekwisha kumwona baba au babu akiondoa mti kidogo kidogo. Walio chini ya umri wa miaka 9 wakatiwe na mtu mzima.

Gundi ipakwe kwa kijiti cha meno, nyembamba kiasi cha kuona karatasi chini yake. Bandika vile vipande vinne, vilaze kati ya karatasi mbili safi, weka juu yake kitabu kizito, na uviache mpaka asubuhi. Hapa ndipo haraka inapowaponza watu. Kiwiliwili kilichobandikwa na kushikwa mkononi kikauke hupinda mithili ya ndizi, na ndege yenye kiwiliwili kilichopinda itazunguka upande mmoja maisha yake yote, hata uirekebishe vipi.

Wakati kiwiliwili kinakauka, shughulika na bawa. Lifute taratibu juu ya mwili wa kalamu ya wino, huku ukilivuta kwa upande wa upana wake, mpaka lipate mbinuko mdogo: ukilitazama kutoka nchani, katikati ya mgongo wake pawe juu kwa milimita 2 hivi kuliko kingo zake. Kisha likunje kidogo sana katikati ili ncha zote mbili ziinuke kwa sentimita 2. Ndege ikilala upande mmoja, ile nusu ya bawa iliyoshuka hupokea hewa kwa pembe kubwa zaidi na kuinuka tena, na hivyo ndege hujisimamisha bila rubani.

Kuhusu huo mbinuko, kuna maelezo yanayorudiwa shuleni mpaka yameota mizizi: kwamba hewa ya juu ya bawa ina safari ndefu kuliko ya chini, kwa hiyo inakimbia ili zifike pamoja nyuma. Si kweli. Hakuna mkataba kati ya hewa ya juu na ya chini wa kukutana popote, na vipimo vinaonyesha kwamba ile ya juu hufika mapema zaidi. Bawa huinua kwa sababu huielekeza hewa chini inapopita, na hewa inapotupwa chini bawa husukumwa juu. Kanieneo juu ya bawa hushuka na chini yake hupanda, hilo ni kweli, na mbinuko husaidia hewa ya juu kulifuata bawa bila kuachana nalo. Lakini hata bawa bapa kabisa huruka likiinamishwa nyuma kidogo. Asiyeamini atoe kiganja chake nje ya dirisha la matatu, akikunjue, akiinamishe.

Asubuhi, kunja zile ndimi, bandika bawa juu na mkia chini. Tazama ndege kutoka mbele, kwa jicho moja. Pezi lisimame wima, mkia ulale sawa, na ncha mbili za bawa ziwe na kimo kimoja. Kama kuna kilichopinda, kisahihishe wakati gundi bado mbichi. Kisha weka alama mbili za penseli chini ya bawa, kila upande moja, sentimita 1.7 nyuma ya ukingo wa mbele. Bandika nta puani kwenye nusu sentimita ya mwanzo, na uipakate ndege kwa ncha za vidole viwili kwenye zile alama. Ikiinamisha mkia, ongeza nta. Ikiinamisha pua, punguza. Ikilala sawa, uko tayari, na mzigo wote hauzidi gramu 7 au 8.

Watu hushangaa kwamba tunaongeza uzito kwenye kitu tunachotaka kiruke. Bila nta ndege hii huwa nyepesi zaidi, na hairuki hata mita 2. Mkia wake huivuta nyuma kila inapopata kasi, pua hupanda, kasi hufa, inaanguka. Fundi aliyejenga vizuri kila kitu na kusahau pua amejenga pambo la ukutani.

Uwanjani, usirushe. Sukuma. Shika kiwiliwili chini ya bawa, nyanyua hadi begani, elekeza pua kwenye ardhi iliyo mbele yako kama hatua 15, na uiachie kwa kasi ya mtu anayekimbia polepole, mita 5 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ambayo bawa la ukubwa huu, lenye mzigo huu, linaitaka. Ukitumia nguvu za mshale itapanda juu ghafla, itageuka chali, na itakurudia. Ikiwa sawa, ndege iliyoachiwa kutoka kimo cha mita 1 na nusu itateleza mita 7 au 8 na kutua kwa tumbo.

Mara ya kwanza haitakuwa sawa. Tegemea hivyo, na utazame badala ya kuudhika. Dalili ya kawaida kuliko zote ni ndege kupanda, kusita, kuinamisha pua, kushika kasi, kupanda tena, mpaka ifike chini kwa mawimbi.

"Mwalimu, yangu imelewa," mtoto mmoja aliniambia, huku wenzake wakicheka.

"Haijalewa, mwanangu. Pua nyepesi hiyo. Ongeza nta kidogo, ukubwa wa punje ya mtama."

Aliongeza donge zima, ndege ikapiga kichwa ardhini. Akapunguza kwa ukucha, akatazama, akapunguza tena. Hakuna mtu mzima aliyehitaji kumweleza zaidi, na nilipoondoka alikuwa akiwatengenezea wengine zao, akiwaitisha nta ya malipo.

Ikiwa ndege inapiga mbizi ilhali imelala sawa kwenye vidole, usiguse nta. Kunja ukingo wa nyuma wa mkia kwenda juu, milimita 1, sehemu zote mbili kwa usawa. Milimita 1 kwenye kitu kidogo namna hii ni kubwa. Wanaokunja 5 huona ndege ikifanya mzunguko kamili angani na kudhani wamebuni sarakasi. Ikiwa inakwenda upande mmoja, kwanza itazame tena kutoka mbele. Mara tisa kati ya kumi bawa moja limepinda kuliko jingine, na dawa ni kulinyoosha, si kukimbilia pezi. Pezi liguswe mwisho, kwa kukunja ukingo wake wa nyuma kidogo kuelekea upande unaotaka ndege iende. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayeongeza nta, akakunja mkia na kugeuza pezi kwa pamoja hatajua kamwe kipi kilimsaidia.

Ndege ikishateleza vizuri kutoka begani, mtoto yeyote wa Migwani ataliuliza swali lile lile: itapandaje juu? Jibu ni mpira. Ule wa tyubu ya baiskeli anaoutumia kwenye manati una nguvu mno, utang'oa bawa. Chukua raba bendi mbili au tatu za kufungia noti, ziunganishe, uzifunge kwenye kijiti cha urefu wa kiganja. Kata pengo dogo lenye umbo la ndoano chini ya kiwiliwili, sentimita 3 kutoka puani, na uliimarishe kwa gundi. Ndege ilazwe upande wa kulia kidogo, ielekezwe juu nusu ya wima, mkia ushikwe kwa vidole viwili, uachiwe. Sharti moja hapa halina mjadala: hakuna anayesimama mbele, na hakuna anayerusha kuelekea jua, kwa sababu utaipoteza machoni na hutajua inarudi wapi.

Kwa mpira huo kimo cha mita 10 si cha ajabu. Ndege hii hushuka karibu mita 1 kila sekunde, kwa hiyo utapata sekunde 10 hewani. Mwaka 1871, katika bustani ya Tuileries jijini Paris, Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha kielelezo chenye propela iliyozungushwa na mpira uliosokotwa, kikakaa hewani sekunde 11 mbele ya wataalamu, na tukio hilo limeandikwa katika historia ya usafiri wa anga. Propela yake ilikuwa ikisukuma wakati wote na yetu haina propela, lakini sekunde ni sekunde.

Kuna namna ya kupata zaidi, na hapa nchi kavu ya Kitui ina neema kuliko Japani. Nilisema rusha kabla ya saa mbili. Ukishaifahamu ndege yako, fanya jaribio la saa tatu na nusu, wakati upepo haujaamka bado lakini ardhi imeanza kupata moto. Hapo hewa hupanda kwa mafungu, huku na kule, juu ya sehemu zilizo kavu na tupu: uwanja wa mpira, paa la mabati, shamba lililolimwa likisubiri mvua. Mwewe huyajua mafungu hayo. Akizunguka bila kupiga bawa hata mara moja na bado anapanda, chini yake pana hewa inayokwenda juu kwa kasi kuliko ndege yako inavyoshuka. Kunja pezi nusu milimita ili ndege izunguke badala ya kwenda moja kwa moja, nenda chini ya yule mwewe, vuta mpira. Mara nyingi hakuna kitakachotokea. Siku ikitokea, ndege ya gramu 7 itapita juu ya migunga, itavuka ua wa mkonge, na watoto wote watakimbia pamoja nayo wakipiga kelele mpaka isionekane. Andika jina la mtoto chini ya bawa kabla ya siku hiyo, kwa kalamu isiyofutika.

Zinazorudi huhitaji kutunzwa. Karatasi hunywa unyevu, na mvua za Novemba zikianza manila iliyokuwa kavu na ngumu tangu Agosti hulegea, mbinuko hunyooka na mkia huchukua mkunjo wake wenyewe. Itundike ndege kwa uzi kutoka kwenye boriti, pua chini, mbali na dirisha. Usiiegemeze ukutani. Asubuhi ya kurusha, ipime tena kwenye vidole kabla ya kutoka, kwa sababu nta nayo huweza kuwa imeteleza kwa joto la paa la mabati.

Na ukiwa tayari kujenga ya pili, iongezee bawa mpaka sentimita 28, uache kiwiliwili na mkia vilivyo. Rudisha nta mpaka ilale sawa kwenye alama zile zile, kisha uanze upya na mkia, milimita 1.